Injini ya Lori, Breki za Baiskeli

Ngumi yenyewe haikumgusa mtu. Hilo ndilo watu wa ghalani walishindwa kulielewa, na Greda mwenyewe alichelewa kulielewa kuliko wote.

Alikuwa na mfuko wa saruji begani, jua limesimama utosini, vumbi limempaka nyusi nyeupe kama babu wa miaka tisini, pale Kalamu alipofungua mdomo. Kalamu alikuwa msimamizi wa wapakiaji. Jina alipewa kwa ajili ya kalamu aliyochomeka sikioni mwaka mzima, na pia kwa sababu alikuwa mrefu, mwembamba, na ukimshika vibaya anakuchafua. Nguvu hana, hata ndoo ya maji inamtoa jasho. Lakini alikulia chini ya kaka watano wenye mikono myepesi, kwa hiyo kuna kitu kimoja alikijua kuliko mtu yeyote pale ghalani: kukwepa.

"Umechelewa tena," Kalamu akasema.

"Nilikuwa namnyanyua mama."

"Kila siku mama. Nusu yake imeshakufa, hiyo nusu iliyobaki inakuchelewesha nini?"

Wapakiaji wawili wakacheka. Hawakuwa na ubaya, kicheko kiliwaponyoka tu. Mfuko ukatoka begani kwa Greda, ukapiga chini, ukapasuka. Wote wakajua kinachofuata. Jina la Greda hakupewa kwa ukubwa wa mwili. Alipewa kwa namna anavyoingia kwenye ugomvi: hachagui, anasawazisha. Shule aliiacha darasa la saba kwa kumvunja pua mtoto wa mwalimu mkuu. Kidole chake kimoja hakikunjiki, kimebaki hivyo tangu alipokigongea kwenye bodi ya basi akimtafuta kondakta. Kwenye nyusi ana mshono, kwenye sikio ana mshono, na yote ukimuuliza atakwambia ilikuwa haki yake.

Akazungusha mkono wa kulia. Aliutoa kiunoni, akautoa kisiginoni, akautoa huko alikozaliwa. Ilikuwa ngumi ya kumtenganisha mtu na meno yake. Kalamu akainama kidogo tu, kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo. Ngumi ikaichukua ile kalamu sikioni, ikaendelea na safari, na mbele hapakuwa na kitu cha kuipokea.

Nyuma ya bega, ndani kabisa, kikalia kitu kama shuka jipya linapochanwa.

Greda akapiga magoti kwenye saruji akatapika. Kalamu akaokota kalamu yake, akachuchumaa pembeni, mbali na mkono mzima.

"Sikiliza," akasema kwa sauti ya chini. "Ukisema umepigana unafukuzwa leo hii. Na mimi nitaulizwa nilisema nini. Ukisema umeteleza na mfuko, unatibiwa."

"Nitakuua."

"Utaniua ukipona. Kwa sasa sema mfuko."

Basi ikawa mfuko. Ofisini akasema mfuko, hospitali akasema mfuko, na nyumbani, ambako ilikuwa kazi ngumu zaidi kudanganya, akasema mfuko vilevile.

Mama yake alikuwa fundi cherehani mpaka kiharusi kilipomlaza upande wa kulia. Mwaka wa tatu huo. Mwili ulikaa, ulimi haukukaa. Greda alikuwa anamtoa kitandani asubuhi kabla ya kazi, mchana anakimbia kumpeleka chooni, jioni anamrudisha kulala. Kilo sabini na mbili, na mdomo kilo nyingine kumi. Hakuwahi kumwachia mtu mwingine kazi hiyo, na yeyote aliyesema maneno ya kumwonea huruma aliondoka na jicho limevimba.

Sasa mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa. Ikabidi dada yake mkubwa atoke kwake, safari ya nusu siku, aje amnyanyue mama.

"Mimi nina mume, nina watoto, nina nyumba," dada akamwambia siku ya kwanza, hata mkoba hajauweka chini. "Nakungoja upone. Ukipona mama anabaki hapa. Usipopona naondoka naye. Hilo silirudii."

"Atabaki."

"Usiniambie mimi. Liambie bega."

Kutoka siku hiyo, ukimwona Greda amekunja uso, jua hicho ndicho anachokiwaza. Bega likikataa, mama anaondoka.

Kitambaa kilipofunguliwa akapelekwa chumba cha mazoezi ya viungo, mwisho wa korido, mlango wenye bawaba zinazolia. Mle ndani alikuwamo mama mmoja wa makamo, viatu vya raba, miwani imening'inia kifuani, ambaye wagonjwa walimwita Bi Waya. Waya zilikuwa kila mahali, zimebandikwa sakafuni kwa gundi ya karatasi, zimepanda ukutani mpaka kwenye kamera nane ndogo. Katikati ya sakafu palikuwa na bamba la chuma linalopima mguu wako unakandamiza kiasi gani. Na mezani, kompyuta.

"Vua shati. Simama juu ya bamba."

Akambandika vitufe vidogo vinavyong'aa, kila penye mfupa: kiwiko, bega, kifua, nyonga, goti. Thelathini na tisa. Kisha akabonyeza, na kwenye kioo cha kompyuta likasimama fupa la mtu, mifupa mitupu toka kichwani hadi miguuni, lina nyuzi za rangi ya buluu zimefungwa kutoka mfupa hadi mfupa. Greda akainua mkono. Fupa nalo likainua mkono.

"Huyo ndiye mimi?"

"Ndiye wewe."

"Mbona nimekonda hivyo?"

"Nimekutoa nyama na kiburi. Hizo nyuzi ni misuli. Uzi ukibeba mzigo wake wa kawaida unabaki buluu. Ukizidiwa unakuwa mwekundu. Siwezi kuingia ndani ya bega lako, kwa hiyo naingia ndani ya bega la huyu. Kamera zinaniambia mwili unakwendaje, bamba linaniambia unasukuma kiasi gani, kompyuta inapiga hesabu kila uzi unavutwa vipi. Sasa niambie. Uliumiaje?"

"Mfuko wa saruji. Niliteleza."

Bi Waya akamtaka ainue boksi tupu. Halafu akaingiza uzito wa mfuko kwenye kompyuta, na lile fupa likaanza kubeba kilo hamsini, likabeba, likabeba, likateleza, likabeba tena. Bi Waya akavaa miwani. Akaivua. Akaivaa tena.

"Ajabu," akasema. "Nimekubebesha mara mia mbili. Uzi uliochanika kwako ni huu mdogo wa nyuma. Kwa kubeba mfuko, uzi huu wa nyuma haufanyi kazi kubwa, unabaki buluu tu. Umechanikaje?"

"Nimesema niliteleza."

"Uliteleza vipi?"

"Kama watu wanavyoteleza. Unataka niteleze tena uone?"

Foleni mlangoni ilikuwa ndefu, mzee mmoja mwenye magongo alishaanza kugonga. Bi Waya akaliacha. Akampangia mazoezi ya mtu anayebeba: kusukuma, kuinua juu ya kichwa, kukaza kifua. Akampa kadi. Nyuma ya kadi tarehe za kuja, na juu yake muhuri mwekundu wa herufi kubwa: USIKOSE.

Greda hakukosa hata siku moja. Wiki sita alisukuma chuma kana kwamba chuma kimemtukana. Kifua kikajaa, bega la mbele likatuna, na kila akijipima kwenye kompyuta, fupa linabeba mfuko wake bila uzi kubadilika rangi. Bi Waya akaandika kwenye faili: anakaribia kurudi kazini.

Jumamosi ya wiki hiyohiyo, saa tisa alasiri, shemeji akaingia. Mume wa dada. Alikuja na gari dogo la mizigo la kukodi na harufu ya pombe ya tangu asubuhi, amechoka kula viporo na watoto wake.

"Nimekuja kuchukua mke wangu," akasema mlangoni. "Na kama bibi wa watoto naye anakuja, aje. Nafasi ipo nyuma, kwenye mizigo."

Alidhani anatania. Mama mwenyewe alishaanza kucheka. Greda hakucheka. Damu ilimpanda mpaka masikio yakaziba, akatoka kwenye kiti na mkono wa kulia ukaja naye, mkono mpya, wenye wiki sita za chuma ndani yake. Shemeji akarudi nyuma hatua moja, kisigino kikaingia kwenye beseni la kufulia, akaenda chini na makalio kabla ngumi haijafika. Ngumi ikafika, ikakuta hewa.

Lile shuka la begani likachanika tena.

Greda alinguruma. Na kwa kuwa mkono umekataa, akatumia mguu. Alimpiga shemeji teke la mbavu akiwa amekaa ndani ya beseni, akampiga la pili, beseni likapasuka vipande, maji ya sabuni yakatapakaa na damu ya mdomo ikaelea juu yake. Dada akaja na mchi. Alimchapa mdogo wake mgongoni mara tatu, pale katikati ya mabega, na ya tatu ndiyo iliyomlaza chini.

"Wote wawili," mama akasema kutoka kwenye kiti chake, "mmelowesha godoro langu."

Hapo mtu mwenye akili angekwenda hospitali. Greda alisubiri asubuhi, dada akiwa bado amelala, akaenda kumnyanyua mama kwa mikono yake miwili. Alitaka waamke wamkute amekaa kwenye kiti, mambo yamekwisha. Akapitisha mkono wa kushoto chini ya magoti, wa kulia nyuma ya mgongo, akasema twende. Kiunoni alifika. Kifuani mkono wa kulia ukafunguka wenyewe kama bawaba iliyong'oka misumari. Mama akaanguka. Shavu likapiga chuma cha kitanda, na mlio ulikuwa mdogo sana, mlio wa kijiko.

Damu ilitoka kwa pua na kwa mdomo. Jino likabaki kwenye blanketi. Greda alikaa sakafuni, akaweka kichwa cha mama pajani, akawa anapangusa damu kwa shati lake huku analia.

"Usilie," mama akamwambia, maneno yakipita kwenye pengo. "Umenidondoshea upande uliokufa. Sijasikia kitu."

Dada alianza kufunga mizigo saa hiyohiyo. Mama ndiye aliyemzuia. Akaomba ile kadi, akaishika karibu na jicho zima, akasoma tarehe moja moja, akamgeuzia binti yake ule muhuri.

"Mpe mpaka kadi iishe," akasema. "Akishindwa, nitakwenda kwako na sitaki kubembelezwa."

Jumatatu Greda alisimama mbele ya Bi Waya, uso umevimba, shati halijafungwa vifungo.

"Haukuwa mfuko," akasema.

Akamweleza yote. Kalamu, kukwepa, beseni, mchi, jino. Bi Waya alimsikiliza amekaa. Alipomaliza, Bi Waya akainua kopo la vitufe akalibamiza ukutani. Vitufe vikaruka chumba kizima, vikabingirika mpaka chini ya vitanda.

"Wiki sita," akasema. "Wiki sita nilikuwa namtibu mtu mwingine. Kuna mtu alibeba mfuko akateleza, huyo nimemponya, mzima kabisa, yuko humu kwenye kompyuta anakula raha. Wewe sijawahi kukuona. Kompyuta haijui uongo, kijana. Inapokea unachoipa, inapiga hesabu safi juu ya uongo wako, halafu mimi nakuja kukukazia misuli ya mbele mpaka inang'oa ya nyuma. Okota."

Greda akaokota. Vyote, kwa mkono wa kushoto, kwa magoti. Alipovimaliza Bi Waya akambandika navyo.

"Sasa mpige."

"Nani?"

"Huyo uliyemkosa. Lakini polepole, kama uko ndani ya maji. Mwendo ataongeza huyu wa kwenye kioo. Ndiyo faida yake, yeye anaweza kuchanika mara mia na kesho akaja kazini."

Kwanza Bi Waya akasimamisha gunia la mazoezi mbele yake. Greda akapeleka ngumi polepole mpaka ikagusa gunia. Kwenye kompyuta lile fupa likapeleka ngumi ileile, lakini kwa kasi ya hasira. Ngumi ikatua. Nyuzi zote buluu. Kisha Bi Waya akaliondoa gunia.

"Tena. Hewa."

Greda akapeleka. Fupa likapeleka. Mkono ulipofika mwisho, pale ambapo pangekuwa na shavu la mtu, uzi mdogo wa nyuma ya bega ukawaka mwekundu kama kaa la moto, na kompyuta ikasimama yenyewe.

Greda akakisogelea kioo. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwonyesha hasira yake kwa upande wa nyuma.

"Ukimpata mtu," Bi Waya akasema, "uso wake ndio unausimamisha mkono wako. Ukimkosa, nani anausimamisha? Uzi huu mwekundu hapa, peke yake. Mbele umejenga injini ya lori. Nyuma una breki za baiskeli. Na mimi nimekuongezea injini."

"Kwa hiyo nisipige mtu tena."

"Hayo kamwulize mama yako. Mimi ni fundi wa viungo. Ninachokwambia ni usikose."

Akamgongea muhuri kwenye kadi mpya, wiki kumi na nne na Jumatatu moja ya kufunga faili. Akaeleza bila kuficha: uzi huo ukichanika mara ya tatu, mkono hautapita juu ya kifua tena, si kwa mfuko wala kwa mama.

Mazoezi ya breki hayana sifa. Huwezi kuwaonyesha watu; ile habari ya breki za baiskeli Greda alimsimulia mama tu. Alivuta ukanda wa mpira, akaurudisha polepole, na kule kurudisha ndiko kulikomtoa jasho la baridi. Akarusha mpira mdogo ukutani na kuudaka nyuma ya sikio. Akashusha chuma cha kilo mbili kwa kuhesabu mpaka nane, yeye aliyezoea kurusha hamsini. Siku ya tatu alitukana, siku ya tano akapiga ukuta kwa mkono wa kushoto mpaka ngozi ikabaki kwenye rangi. Bi Waya akampa plasta, akasema rudia ulipoishia. Kila Jumatatu alipanda kwenye bamba na kumwangalia yule mkondefu wa kwenye kioo akirusha ngumi hewani. Wiki ya nne uzi ulikuwa mwekundu. Wiki ya nane ulikuwa zambarau. Wiki ya kumi na nne mkondefu alipiga hewa kwa nguvu zote, na uzi ukabaki buluu.

Jioni hiyo alimnyanyua mama mbele ya dada yake, kitandani hadi kwenye kiti, kiti hadi kitandani, mara mbili. Dada akaukagua mkono kama anayekagua nyanya sokoni.

"Haya," akasema. "Ijumaa naondoka. Mwenyewe."

Alhamisi Greda alirudi ghalani.

Kalamu alikuwa palepale kivulini mwa lori, kalamu mpya sikioni. Walitazamana asubuhi nzima. Saa sita, wapakiaji wamekaa juu ya mifuko wanakunywa maji, Kalamu akashindwa kujizuia. Kuna watu wa namna hiyo, mdomo unawawasha kama kidonda kinachokauka.

"Nimesikia ulimdondosha," akasema. "Sasa imebaki nusu, au robo?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Kalamu alishalegeza magoti, mabega yamelainika, anacheza kichwa taratibu kama nyoka. Alikuwa ameshakwepa kabla hajapigwa.

Greda hakuzungusha mkono. Aliweka chupa ya maji chini, akafunga kifuniko kwanza, akasimama, akamwendea polepole. Wenzake walisema baadaye walidhani amekua. Walidhani anakwenda kumwomba wayamalize. Mkono wa kushoto ukatoka, ukalishika shati la Kalamu kooni, ukalisokota mara mbili mpaka vifungo vikaruka, ukamsukuma hadi kisogo kikagota kwenye tairi la lori. Mpira, na nyuma ya mpira chuma. Hapakuwa na chini pa kuinamia, hapakuwa na pembeni pa kukwepea.

"Inama," Greda akamwambia. "Inama sasa."

Kalamu akajaribu. Macho tu ndiyo yaliyoinama.

Ngumi ilikuwa fupi. Haikutoka kisiginoni, ilitoka kifuani tu, mwendo wa shubiri mbili. Taya likalia kama sahani iliyokanyagwa. Moja ilitosha, kila mtu aliona imetosha, lakini Greda akaongeza ya pili palepale, kuhakikisha, na upande wa pili wa taya nao ukaondoka. Alipoachia shati Kalamu alishuka na tairi hadi chini, akakaa, mdomo umefunguka vibaya, mate na damu na vipande vya meno vikimshukia kifuani. Ile kalamu ya sikioni ilikuwa imevunjikia shingoni mwake. Wino ulichanganyika na damu ukawa rangi isiyo na jina.

Bega halikulia. Greda alisikiliza. Kimya. Akauinua mkono juu kabisa ya kichwa, ukapanda wote, ukanyooka, hakuna kinachokwaruza. Akacheka kwa furaha.

Kucheka kule ndiko kulikommaliza. Wapakiaji walikuwa upande wake, na polisi walipofika, wapakiaji saba walitoa maneno ya Kalamu yote kama yalivyo, na Kalamu mwenyewe hakuweza kubisha, taya limefungwa waya. Lakini polisi walipouliza alifanya nini baada ya kupiga, kila mmoja alisema alichokiona: aliinua mkono juu kama bingwa, akacheka. Greda akaeleza alikuwa anapima bega. Askari aliyekuwa anaandika akaweka kalamu chini.

"Umemvunja mtu taya," askari akasema, "halafu ukapima bega lako."

Ukiisikia kwa mdomo wa mtu mwingine, ilikuwa mbaya kuliko kupiga kwenyewe. Wakamfungia.

Siku kumi na moja alikaa mahabusu, kabla ya kutolewa kwa sharti la kuripoti kituoni kila Jumatatu mpaka kesi iishe. Alichana mkono wa shati akaufunga kwenye nondo, akavuta na kurudisha, asubuhi na jioni, watu thelathini wakimwona kichaa. Kule ghalani jina lake lilishafutwa. Jumatatu ile ya mwisho kwenye kadi ikaja ikapita. Aliyefanya hesabu zote asikose mtu, akakosa tarehe, akakosa Ijumaa ya dada yake, akakosa asubuhi kumi na moja za kumtoa mama kitandani.

Nyumbani alikuta godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Kiti hakipo. Jirani akamwambia dada alingoja mpaka Jumapili, halafu lile gari dogo likaja, na mama akapandishwa mbele, kwa dereva. Hakulia, jirani akasema. Aliuliza tu kama wewe unakula.

Alifika kwa dada yake siku ya pili, mchana. Mlango ulikuwa wazi. Chumbani akamkuta shemeji, peke yake, anahangaika kumtoa mama kitandani. Alikuwa ameinama kwa mgongo, miguu imenyooka kama ngazi, mikono yote mbele, anamvuta mama kwa makwapa kama anayevuta mfuko. Uso umeiva. Mama alikuwa nusu kitandani, nusu hewani.

Shemeji akamwona. Mbavu zake zilimkumbuka kabla yake, akajikunja kuukinga ubavu, na mama akateremka kidogo.

"Usinisogelee," shemeji akasema. "Nikimwachia anaanguka."

Greda alibaki mlangoni. Mikono ilimpanda yenyewe kwenda kumpokea mama, akaishika, akaiingiza kwapani, akaibana hukohuko.

"Sisogei," akasema. "Shemeji, kunja magoti. Magoti kwanza. Ukimvuta hivyo ni mgongo wako wote unakuwa mwekundu."

"Mwekundu nini?"

"Kunja tu. Haya. Sasa mlete kifuani, karibu, kama unamkumbatia. Hapo. Sukuma ardhi kwa miguu, usimvute mama."

Shemeji akasukuma ardhi. Mama akapanda. Alipanda wote, mzima, shavu lake lenye kovu jipya limelala kwenye bega la mkwe, jicho zima likimtazama mwanawe aliyesimama mlangoni amejikumbatia kama mwenye baridi.

"Sasa unamshusha," Greda akasema. "Hapo ndipo watu wanapoharibu. Mkono wa nyuma ndio unashika. Hesabu mpaka nane."

"Moja," shemeji akaanza kumshusha. "Mbili. Tatu."

"Taratibu," mama akasema begani pake. "Na huyu naye ana breki za baiskeli."

"Nne," Greda akahesabu naye kutoka mlangoni. "Tano."